Kutoka Birmingham hadi Abingdon, na gari linalozima bila sababu

Mwezi wa Agosti nilipata wasaa wa kumtembelea kaka yangu mjini Birmingham, Uingereza, anakoishi kwa zaidi ya miaka thelathini sasa. Niliondoka Tanga nikiwa na furushi la kahawa, udi wa shemeji na salamu za ukoo mzima, nikitarajia kuonyeshwa majumba na bustani kama wageni wote. Siku ya tano nikajikuta pembezoni mwa barabara ya mashamba, nimeinama juu ya injini, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, nikitafuta ugonjwa wa gari lililotengenezwa kabla mimi sijazaliwa.

Kaka anakaa Small Heath, upande wa kusini-mashariki wa jiji. Mtu aliyetoka pwani hachelewi kuzoea mahali hapo. Katika Coventry Road maduka yanauza nyama halali, kanzu, tende na misahafu. Mpakistani, Msomali na Myemeni wanapishana mlangoni, na salamu ya Kiislamu ndiyo lugha ya kwanza ya barabara. Ijumaa tuliswali katika Msikiti Mkuu wa Highgate, uliofunguliwa mwaka 1975, ambao kuba lake na mnara wake huonekana na kila apitaye barabara ya kuzunguka katikati ya jiji. Wazee wengi waliokaa safu za mbele walifika nchini humo wakiwa vijana, kufanya kazi viwandani.

Na viwanda vyenyewe ndivyo vilivyonifanya niitazame Birmingham kwa jicho jingine. Pikipiki za BSA zilitengenezwa hapo hapo Small Heath. Jirani yake, Adderley Park, ndiko kilikokuwa kiwanda cha SU, watengenezaji wa kabureta na pampu za mafuta. Wazee wa Tanga, Mombasa na Unguja waliowahi kumiliki Morris Minor wataikumbuka pampu hiyo: unafungua ufunguo, kabla injini haijawaka unasikia tik-tik-tik, kisha kimya. Marehemu baba yetu alikuwa na gereji ndogo, nami utotoni kazi yangu ilikuwa kumshikia taa. Mlio ule naujua kama ninavyoujua wa mtungi unaojazwa maji.

Upande wa pili wa jiji, katika mtaa wa Hockley, ndiko kulikokuwa makao ya kampuni ya Lucas. Joseph Lucas alianza kwa kuuza mafuta ya taa, kisha akatengeneza taa za baiskeli zilizojulikana kwa jina la Mfalme wa Njia. Kampuni yake ikaja kutengeneza koili, dinamo, swichi na taa za takriban kila gari la Kiingereza. Waingereza, kwa mzaha wao, walimbadilisha cheo: kutoka Mfalme wa Njia akawa Mwana wa Mfalme wa Giza, kwa sababu ya taa zilizozimika usiku. Mimi naona mzaha huo haumtendei haki. Gari la miaka hamsini ambalo limepita mikononi mwa wamiliki kumi, kila mmoja akiunga waya wake kwa utepe na kubana mwingine kwa meno, likizima usiku, la kulaumiwa si jina lililoandikwa kwenye koili.

Gari la kaka ni MGB GT ya mwaka 1970, lenye milango miwili, boneti ndefu na kiti cha nyuma ambacho aliyekibuni hakuwa amewahi kumwona kijana wa miaka kumi na saba. Alilinunua bovu miaka kumi na miwili iliyopita, akalifufua polepole katika banda la nyuma ya nyumba. Mwaka huu ameamua kuliuza. Anadaiwa paundi 6,500 na rafiki yake aliyemkopesha wakati wa ugonjwa wa shemeji, naye amekusudia Hija; hapendi kutia nia hiyo huku deni la mtu liko shingoni. Akapata mnunuzi, mzee wa Kiingereza anayeishi Abingdon, mji ule ule ambako gari lilitengenezwa. Wakakubaliana paundi 6,500 kwa simu, kwa sharti mnunuzi alione na kuliendesha kwanza.

Tatizo lilikuwa moja. Gari huzima. Haliwi bovu, huzima tu. Litakwenda maili arobaini bila kasoro, kisha kwenye mlima au unapokanyaga mafuta ghafla, linakata kama mtu aliyezibwa mdomo. Ukilisubiri dakika kumi au ishirini, linawaka na kuendelea kama halikufanya lolote. Kwa misimu miwili ya kiangazi kaka alilipeleka kwenye gereji moja, na kila mara likabadilishwa kitu: koili, kisha kondensa, pointi, plagi, mwishowe pampu ya mafuta yenyewe. Kila mara aliambiwa limepona, na kila mara lilikwenda vizuri kwa wiki mbili. Baba yetu alikuwa na jina la mafundi wa namna hiyo: wauza spea. Fundi wa kweli, alisema, hanunui kitu kabla hajajua kilichokufa ni kipi.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi: kaka kwenye usukani, mimi kando yake, na mwanawe amekunjwa nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Ni maili kama 70. Kaka hakutaka barabara kuu ya M40, kwa kuwa kuzimikiwa katikati ya malori ni hatari, basi tukashika njia ya zamani: Henley-in-Arden, kisha Stratford-upon-Avon alikozaliwa Shakespeare, kisha Shipston-on-Stour. Baada ya hapo nchi inabadilika. Nyumba zote zinajengwa kwa jiwe moja lenye rangi ya asali, kuta za mashamba kwa jiwe hilo hilo, na kondoo wanasimama juani kama waliopangwa. Gari lilinguruma vizuri. Harufu ya ngozi ya viti, oili ya moto na petroli kidogo ilinirudisha gerejini kwa baba, nikawa sisemi.

Baada ya kijiji cha Long Compton barabara hupanda kuelekea Chipping Norton. Kaka akashusha gia, akakanyaga mafuta, na gari likazima.

Hakuna kishindo, hakuna moshi. Kilichonivutia ni jambo moja dogo. Mbele ya dereva kuna saa mbili kubwa, moja ya mwendo na moja ya mizunguko ya injini. Gari lilikuwa bado linasukumwa na mwendo wake, gia imo, maana yake injini ilikuwa bado inazungushwa na magurudumu. Lakini mshale wa mizunguko haukushuka taratibu. Ulianguka hadi sifuri mara moja, kama uliokatwa.

Tukajikokota hadi palipokuwa na nafasi ya kuegesha. Kijana akajifungua kutoka nyuma, akanyoosha miguu, akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyafikiria tangu nyumbani.

"Ami, likipoa litawaka. Tukifika Abingdon tuliegeshe saa nzima kwanza. Yule mzee atalizungusha mtaa mmoja tu. Hatajua."

Alisema kwangu, lakini aliyelengwa ni baba yake. Kaka alikuwa anafungua boneti. Akaweka nguzo yake vizuri, akapangusa mikono, ndipo akamjibu: "Na siku limemzimia yeye na mkewe, usiku, nyuma yao kuna lori?"

Kijana akanyamaza. Simlaumu, alikuwa anamwonea huruma baba yake, na fedha ile alijua ni ya nini. Lakini kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha lundo la nafaka sokoni, lililokuwa kavu juu na bichi ndani, na Mtume (s.a.w.) akaingiza mkono wake humo. Nadhani sote watatu tulikikumbuka, na hakuna aliyekitaja.

Sasa niwaeleze wasomaji tulivyotafuta, maana utaratibu huu unafaa kwa gari lolote la zamani, liwe la fahari au la kubebea mihogo. Injini ya petroli ikizima ghafla, umekosa kimoja kati ya viwili: mafuta au cheche. Kaka alishikilia mafuta. Tukafungua ufunguo tukasikiliza pampu, ambayo katika gari hili iko chini, karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Ikipiga mfululizo bila kukoma, ama tangi limekauka au inavuta hewa mahali. Isipopiga kabisa, pointi zake zimeungua au waya wake wa athi umelegea. Wazee huiamsha kwa kuigonga kidogo na spana. Yetu ilipiga mara nne, ikanyamaza. Hiyo ni pampu nzima iliyokwisha kujaza kabureta. Tukafungua kifuniko cha tangi tusikie kama hewa inavutwa, kwa kuwa tundu la kupumulia likiziba, tangi hujinyonga lenyewe. Hakikulia. Mafuta yalikuwapo.

Ndipo nikamwambia: "Kaka, ule mshale wa mizunguko ulianguka kabla gari halijapunguza mwendo."

Akanitazama. Katika gari hili saa ya mizunguko husoma mapigo ya umeme wa koili. Mafuta yakikatika, injini hufa lakini umeme unaendelea kupigwa, na mshale hushuka pamoja na gari. Mshale ukianguka wakati injini bado inazunguka, umeme wenyewe umekatika kabla ya kufika kwenye plagi, katika njia yake ya mwanzo: ufunguo, koili, pointi. Miaka miwili mshale ule ulikuwa unatoa ushahidi mbele ya macho ya dereva, ila dereva aliyezimikiwa mlimani hutazama kioo cha nyuma.

Tukatoa taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili ambayo kila mmiliki wa gari kuukuu anapaswa kuwa nayo. Waya mweupe wa koili ulikuwa na umeme, basi ufunguo hauna kosa. Tukahamia kwenye distribyuta. Lakini dakika ishirini zilikuwa zimepita, na ugonjwa ulikwisha kujificha: tulipozungusha injini taa ikapepesa inavyotakiwa, inawaka pointi zikifunguka, inazima zikifunga. Kijana akasema tuondoke. Kaka naye alishika kifuniko cha boneti.

Baba alikuwa akisema hitilafu inayokuja na kwenda ni waya au kiungo, si chombo. Chombo kikifa kimekufa. Kinachokuja na kwenda ni kitu kinachotikisika. Nikajiuliza, ndani ya distribyuta ni kipi kinachotikisika unapokanyaga mafuta? Ni kile kisahani kinachobeba pointi. Kuna kijibomba chembamba kinachotoka upande wa kabureta, na mvuto wa hewa ndani yake hukizungusha kisahani mbele na nyuma kila mguu unapobadilika. Waya mfupi unaopeleka umeme kwenye pointi hujikunja na kujikunjua nacho. Ulikuwa ukijikunja tangu mwaka 1970.

Tukaondoa kifuniko cha distribyuta, tukazungusha injini kwa mkono hadi pointi zikafunga barabara, tukafungua ufunguo. Taa, ikiwa imeunganishwa kwenye mlango wa ule waya, ilizima kama ilivyopaswa. Nikamwomba kijana achomoe kile kijibomba na kukivuta kwa mdomo, kama anayekunywa madafu kwa mrija. Akanitazama kama niliyemtania, akapangusa ncha, akavuta.

Taa ikawaka.

Akaachia, taa ikazima. Akavuta tena, ikawaka tena. Akatema mate ya petroli, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nifike. Waya ule ulivyoonekana haukuwa na kosa lolote, nguo yake ya kusukwa imekamilika, ncha zote mbili zimekazwa. Ndani ya nguo, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, zinagusana tu. Kisahani kikigeuka, zinaachana, kikirudi, zinakutana. Katika koili zote mbili, kondensa tatu na pampu mpya, hakuna aliyeuvuta waya wa urefu wa kidole.

Kaka alikuwa na kipande cha waya wa taa ya mezani katika sanduku lake, ule wenye nyuzi nyingi laini. Akakata, akachuna ncha, akaufunga mahali pa ule wa zamani. Ilichukua robo saa. Ule uliokufa akauweka kwenye mfuko wa shati.

Tulipanda mlima hadi Chipping Norton bila kusita. Woodstock tukaipita, tukaizunguka Oxford, na kabla ya saa tisa alasiri tukaingia Abingdon. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri, kwa kukusanya na kufupisha, juu ya majani kando ya Mto Thames. Bata maji walitusogelea, na mama mmoja aliyekuwa na watoto akawavuta wanawe pembeni, kwa adabu, ili wasitupite mbele.

Mji wenyewe ni mtulivu mno kwa sifa zake. Mtoni unaona mnara mrefu uliochongoka wa kanisa la Mtakatifu Helen. Sokoni limesimama jumba la mawe la karne ya 17, County Hall, ambalo sasa ni makumbusho. Kwenye sherehe za kifalme waheshimiwa wa mji hupanda juu ya paa lake na kuwarushia wananchi mikate midogo, desturi ya zaidi ya miaka mia mbili. Humo ndani imewekwa MGB ya siku za mwisho za kiwanda, nayo iko ghorofani, jambo lililomshughulisha kijana kuliko historia yote: waliipandishaje?

Kiwanda chenyewe hakipo. Kampuni ya MG ilihamia Abingdon mwaka 1929, ikaingia katika majengo yaliyokuwa ya kiwanda cha ngozi, na zaidi ya magari milioni moja yalitoka hapo. MGB peke yake, tangu mwaka 1962, ilivuka nusu milioni. Ilipotangazwa mwaka 1979 kwamba kazi itasimamishwa, wapenzi wa magari hayo waliandamana London. Oktoba 1980 milango ikafungwa. Tulipita mahali pale tukaona ofisi na maegesho ya kawaida, mahali ambapo mtu asiyejua hawezi kupunguza mwendo. Nilifikiria miji yetu iliyojengwa na mkonge. Ila Abingdon haikufa, imebaki safi, ina maua madirishani. Sijui kama hilo ni faraja kwa waliofunga milango ile.

Mzee mnunuzi alitukaribisha kwa chai. Akalisikiliza gari kwanza likiwa limesimama, mkono juu ya boneti, kama tabibu. Kaka hakumngoja aulize. Akatoa ule waya mfukoni, akauweka mezani kando ya vikombe, akaeleza kwamba gari lilikuwa likizima kwa miaka miwili, kwamba limezima asubuhi ile ile, kwamba sababu ni hiyo, na kwamba uliowekwa sasa ni waya wa muda, hivyo anunue ule wa kusukwa uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Mzee akauvuta kwa vidole viwili. Ukarefuka kama mpira, maana ndani hamkuwa na kitu. Akatabasamu, akasema kwamba kwa hilo hapunguzi hata senti.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kaka aliendelea. Alimchukua mzee nje, akapiga magoti, akamgongea kwa kidole vizingiti vya chini ya mlango wa kushoto. Upande wa mbele ulilia kama chuma. Karibu na gurudumu la nyuma ulilia kama kopo. Kutu ndiyo maradhi makubwa ya magari haya, wala si umeme. Vizingiti vile ndivyo vinavyoshika bodi isijipinde, na rangi mpya huficha uozo wao kwa miaka. Rangi ya pale kaka aliipaka mwenyewe, miaka mitano iliyopita, wakati hakuwa na fedha za kuchomelea. Nilimwona kijana ameangalia pembeni.

Mzee alishukuru. Kisha, kwa upole wote, akatoa paundi 6,100.

Abingdon haina treni ya abiria tangu mwaka 1963, kwa hiyo tulipanda basi hadi Oxford, na kutoka hapo treni ya Birmingham. Kaka alikaa dirishani na kisanduku chake cha spana mapajani, kwa kuwa hakukumbuka kukiuza pamoja na gari. Kijana akaniuliza kama distribyuta ya Morris Minor ilikuwa na kisahani kama kile, nikamchorea nyuma ya tiketi. Deni lililobaki ni paundi 400. Kaka amesema, insha Allah, atakuwa amelimaliza kabla ya Rajabu.